Shati Zima

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na unga wangu umemwagika leo hii hii. Tulifika kiwandani saa moja asubuhi tukakuta mashine zimefunikwa maturubai na meneja amesimama mlangoni na karatasi mkononi. Aliisoma haraka haraka kama mtu anayeogopa kuulizwa swali. Kiwanda kimefungwa, asanteni, kila mtu achukue vitu vyake.

Nimechukua kikombe changu na daftari hili. Ni daftari la kola: safu ya kushoto imeandikwa Zilizoshonwa, ya kulia Zilizokataliwa. Zaidi ya nusu ni tupu. Kwa kuwa kola za kuandika sina tena, nitaandika yangu.

Miaka kumi na tisa nimeshona kola. Sisemi mashati, nasema kola. Kwetu kila mtu alikuwa na kipande chake: wa mikono, wa mifuko, wa vifungo, na meza ya mwisho wafungaji, ambao kazi yao ni kufunga ncha za mishono ya wenzao na kukata nyuzi. Shati likifika mlangoni limepita kwa watu kumi na wanne. Mimi nilikuwa wa nne. Kola naishona nimefumba macho, lakini ukinipa kitambaa uniambie nishone shati zima, sijui nianzie wapi. Anayeijua siri hiyo ni mama mkwe wangu peke yake. Mwaka wa kwanza wa ndoa aliniletea kitambaa cha maua nimshonee gauni, akidhani mwanawe ameoa fundi. Kitambaa kiko sandukuni kwake mpaka leo na hajawahi kukitaja. Afadhali angekuwa anakitaja.

Tuko watatu nyumbani: mimi, yeye, na binti yangu anayemaliza shule mwaka huu. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Nimewaambia habari ya kiwanda wakati wa chai. Binti amenishika mkono. Mama mkwe amesema, "Basi kesho utalala."

Jumanne, 5 Machi

Nimelala mpaka saa mbili. Sikuufurahia usingizi wenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji, mdogo wa marehemu, amepiga simu. Yeye ni msimamizi katika kiwanda cha mashati mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. "Shemeji, kola zako zinakungoja huku," amesema. Nafasi itakuwa wazi mwanzo wa Juni, na anataka jibu tarehe ishirini na tano Mei, si siku moja zaidi.

Kazi ninayoijua, kiti kile kile. Ningekubali papo hapo, ila nikienda namwacha binti na bibi yake katika mwaka wa mtihani, na bibi ana miaka sabini na moja na jicho moja tu ndilo zima. Nimemwambia shemeji nitafikiri. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso, lakini mkono wake ulisimama mpaka nilipokata simu.

Jumatatu, 11 Machi

Mwenzangu wa kiwandani, tuliyemwita Vifungo kwa sababu ndiyo kazi yake, amekuja amelowa chapachapa. Hospitali ina chumba cha ushonaji na wanatafuta mtu mmoja. Majaribio mpaka mwisho wa Mei. Tumekubaliana twende wote wawili, na atakayekosa asinune.

Jumatano, 13 Machi

Chumba kiko nyuma ya dobi la hospitali, kina joto na harufu ya sabuni. Cherehani tatu, mbili za miguu na moja ya umeme. Meza ndefu ya kukatia. Ukutani misumari miwili: mmoja una mkasi mkubwa mweusi, mwingine mtupu. Mwenye mkasi ni fundi mkuu, mzee mwembamba wanayemwita Mzee Pima, kwa sababu ukimwonyesha kitu chochote anasema, "Pima tena."

Ameniuliza, "Unajua kushona nini?"

"Kola."

"Na nini kingine?"

Nikafikiri. "Kola za watoto."

Akanitazama juu ya miwani. "Mama, wagonjwa wetu wanavaa magauni ya kufungwa mgongoni. Hayana kola." Vifungo alicheka, nikamkata jicho. Alipoulizwa yeye akasema vifungo, na Mzee Pima akasema hayana vifungo pia. Hapo nikacheka mimi.

Ametuchukua wote. Mikasi yetu tunaitoa kwenye droo asubuhi na kuirudisha jioni. Msumari mtupu ni wa atakayebaki.

Jumatatu, 18 Machi

Nimekata gauni la mgonjwa nikasahau kuacha nafasi ya mshono. Lingemtosha paka.

Ijumaa, 22 Machi

Wiki hii peke yake: shuka zilizochakaa za kupasua na kugeuza kingo ziingie katikati, mapazia ya wodi ya wazazi, mfuko wa kubebea chupa ya oksijeni, kiti cha magurudumu kilichochanika kalio. Kila kitu kinakuja na swali lake na hakuna wa kumsukumia. Jioni nanyoosha mgongo, vidole vinauma mahali pasipowahi kuuma. Kwa mazoea naandika kila kitu ninachokimaliza kwenye safu ya kushoto nyuma ya daftari. Safu ya kulia naiacha, nisije nikajitia simanzi bure.

Binti ameleta fomu ya kuchagua masomo ya chuo. Anapenda kufungua vitu. Pasi yetu ameifungua mara mbili, na mara moja ikarudi kupata moto. Nimemwambia aandike uhazili: kiti, meza, feni, mvua inanyesha nje na wewe uko ndani.

"Mama, na wewe ulikuwa na kiti," amenijibu.

Nimemwambia akome. Fomu iko juu ya kabati, tupu.

Jumanne, 9 Aprili

Vifungo ameondoka. Alimpigia shemeji yangu mwenyewe, namba nilimpa mimi, akapewa kiti cha vifungo kule kule. Hakuvunjika moyo wala nini. Amesema tu kwamba yeye anataka kukaa, afanye anachokijua, jioni afunge mlango. Tumekumbatiana chini ya paa la dobi. Nilimwonea wivu mpaka nikaona aibu.

Nilidhani sasa nafasi ni yangu. Nikamuuliza Mzee Pima. "Kubaki peke yako si kufaulu," akasema. "Usipofaa nitaomba mtu mwingine mwezi wa sita."

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua haijakatika siku tatu. Shuka hazikauki, dobi wamenuna, sisi tumenuna.

Jumatatu, 22 Aprili



Saa nne asubuhi wodi ya mifupa walikuwa wanamhamisha mgonjwa kwa machela. Baba mmoja mwenye mwili, dereva wa lori, amevunjika mguu. Wabebaji walipomwinua, mshono wa turubai la machela ukaanza kufunguka upande wa kichwani. Haukupasuka. Ulifunguka taratibu, tundu moja baada ya jingine, mmoja wao akausikia, wakaanza kumshusha. Hawakuwahi kufika chini. Alianguka kutoka usawa wa magoti, akagonga kiwiko, na mguu wenye plasta ukatikisika. Yowe lake tulilisikia mpaka chumbani kwetu.

Turubai lile nililishona mimi, Ijumaa.

Muuguzi mkuu aliingia nalo mkononi. "Nani ameshona hii?"

Mzee Pima akasimama. "Imetoka chumbani kwangu, Sista."

"Nimeuliza nani."

"Nami nimekujibu. Imetoka chumbani kwangu."

Alimtaka aandike maelezo kwa mkono wake na kuyapeleka ofisini kabla ya saa nane. Alipotoka, Mzee Pima alilitandaza turubai mezani, akavuta miwani. Nilijua ninafukuzwa, nikaanza kukusanya kikombe changu.

"Weka hicho kikombe, njoo uone," akasema. "Mshono umenyooka kuliko wangu. Uzi ni ule ule niliokupa. Mkazo ni sawa." Akafuata mshono kwa kidole mpaka mwisho wake, upande ambao haukufunguka. Pale palikuwa pananing'inia mkia wa uzi, urefu wa kidole. Aliuvuta kwa vidole viwili tu, na mshono ukamfuata bila ubishi.

"Huu mkia umemwachia nani?"

Nikamjibu, kwa sababu jibu lilikuja lenyewe: "Mfungaji."

"Mfungaji ni nani?"

Na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, niligeuka kutazama nyuma yangu. Niligeuka kweli. Miaka kumi na tisa, kila kola niliyoishona niliacha mkia wa uzi bila kurudisha sindano nyuma, maana ukiufunga mwenyewe pale kiwandani unagombezwa, unampotezea mfungaji muda. Nikageuka kumtafuta, na nyuma yangu palikuwa na kikapu cha shuka chafu.

Nilimweleza yote. Nililia, siwezi kudanganya daftari langu mwenyewe. Yeye hakunifariji wala hakunigombeza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapa nyuma yako hakuna fundi mwingine. Kuna mgonjwa." Kisha akauliza, "Umeshona vitu vingapi tangu uje?"

Nikafungua daftari nyuma, safu ya kushoto. Hamsini na vitatu, kila kimoja na wodi yake.

Alilisoma ukurasa kwa ukurasa kwa kidole. Nafikiri hapo ndipo uso wake ulipolegea kidogo. "Vilete vyote," akasema, akaenda kuandika maelezo yake.

Jumanne, 23 Aprili

Nimezunguka wodi zote na kikapu. Kila mahali nasema maneno yale yale: samahani, nilichoshona mimi naomba nikirudishe, kina kasoro. Wauguzi wengine wamenihurumia, wengine wamenitolea macho. Mapazia ya wazazi nimeyashusha mbele ya kina mama waliojifungua usiku wa jana, wakawa hawana pa kujisitiri mpaka nikawaazimia shuka.

Mwisho nikapiga moyo konde nikaenda kwa yule dereva. Nilisimama miguuni pa kitanda. "Machela ile niliishona mimi," nikamwambia. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Daktari anasema mguu uko pale pale," akasema. "Una bahati, na mimi pia." Nikadhani ameniruhusu kuondoka. "Ngoja kwanza. Mimi nina miaka ishirini barabarani. Msaidizi wangu anafunga kamba za mzigo vizuri sana, kijana safi. Na kila safari nazunguka gari, navuta kila fundo kwa mkono wangu. Ananiona simwamini. Simwamini, ndiyo, lakini na nafsi yangu siiamini pia."

Nikamwambia asante. Akaniomba nimsogezee maji.

Ijumaa, 26 Aprili

Vimepatikana hamsini na viwili. Kumi na kimoja vilikuwa vimekwisha kuanza kufunguka. Nimefunga ncha zote, moja moja: mwisho wa mshono narudi nyuma hatua tatu, nasonga mbele tena, nakata uzi mwenyewe, navuta. Kitu cha hamsini na tatu ni foronya, sijui iko kwa nani. Safu ya kulia nimeijaza kwa mara ya kwanza.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimemwambia mama mkwe yaliyotokea, maana nilichoka kuyabeba. Amesikiliza, akauliza kama yule dereva ana mke. Nikamwambia sijui. "Ungepeleka matunda," amesema.

Nimepeleka. Ana mke, na mke ananikasirikia. Ana haki yake.

Jumamosi, 4 Mei

Cherehani ya umeme imekwama tangu Alhamisi na fundi wa mitambo hajatokea. Leo binti alinisindikiza kwa sababu mwavuli ni mmoja, na kabla sijavua viatu alikuwa ameshalaza cherehani ubavu. Nilimkaripia. Mzee Pima akasema, "Mwache, imekwisha kufa, ataiua mara ya pili?"

Alitoa parafujo akazipanga kwenye kifuniko kwa mpangilio aliozitoa nao. Akasafisha ndani kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, akachokonoa kwa kibanio cha nywele zake, akatoa donge la nyuzi kubwa kama panya mchanga. Ikazunguka. Nilimtaka anionyeshe, akanionyesha mara mbili, mara ya tatu nikaifungua na kuifunga mwenyewe huku yeye amekaa juu ya mikono yake asinisaidie. Mikono yangu ilinuka mafuta mpaka jioni na nilikuwa na furaha ya kijinga.

Mzee Pima alimwambia kwamba stoo ya hospitali imejaa mashine za kufyonzea makohozi, mizani, vitanda vya kupandisha, vimekaa tu kwa kukosa mtu wa kuvifungua. Njia nzima binti aliniuliza habari za stoo tu. Namjua mwanangu akishika jambo.

Jumatano, 8 Mei

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ameleta msichana wa miaka minne aliyeumia shingo. Vishikizo vya shingo walivyonavyo ni vya watu wazima, vinamfika masikioni. "Mnaweza kutengeneza kidogo?" Mzee Pima akanitazama.

Shingo nazijua. Najua inavyoinama mbele, najua pa kupunguza chini ya kidevu ili ukingo usikate ngozi, najua ncha mbili zinavyokutana bila kupandana. Nimepima, nikapima tena kabla sijaambiwa. Sponji, kitambaa laini, mkanda wa kunata nyuma. Mtoto akageuza kichwa kidogo kidogo, akatutazama mmoja mmoja, akaomba biskuti. Mama yake alikaa chini sakafuni kwa raha.

Basi hata kola hazikupotea.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua imepungua. Mapazia, mapazia, mapazia.

Alhamisi, 16 Mei

Vifungo amenitumia ujumbe. Kiti chake kiko karibu na dirisha, wenzake wacheshi, hana shida. Nimefurahi kwa ajili yake. Nimeusoma mara tatu nikijiuliza kama kweli nimefurahi, na jibu ni ndiyo, ila kwa tabu.

Jumatano, 22 Mei

Nilimwomba Mzee Pima anionee huruma aniambie mapema, maana shemeji anataka jibu Jumamosi. Akasema majaribio ni mpaka mwisho wa mwezi, na yeye hapimi kitu nusu. Nilimkasirikia siku nzima. Nilishona vizuri kwa hasira.

Jumamosi, 25 Mei

Leo ndiyo siku yenyewe.

Nimekaa kitako barazani tangu asubuhi na simu mapajani. Nikisema ndiyo, nina kazi kwa hakika na sina nyumba. Nikisema hapana, halafu Mzee Pima naye aseme hapana, nimebaki mikono mitupu, na wakati huu kwa kujitakia.

Nikaitazama hiyo mikono. Nikaanza kuihesabia kimya kimya ilichokijua mwezi wa tatu: kola. Na sasa? Mapazia inayajua. Turubai, viti, mifuko, shuka, magauni. Cherehani ikikwama inaifungua. Inajua kumuuliza mtu anataka nini hasa kabla ya kushika mkasi, na inajua kwenda kwa mtu kusema nimekosea. Hospitali ikinikataa nitaweka cherehani hapa hapa barazani na mtaa huu hautakosa kitu kilichochanika. Hofu haikuniisha. Ila niliona ni hofu ya mtu mwenye pa kuanzia.

Shemeji alipiga saa sita. "Haya shemeji, nikupe kiti?"

"Mpe mwingine, shemeji. Nakushukuru sana."

"Umepata huko?"

"Bado."

Akasema nimekuwa kichwa ngumu kama kaka yake. Nimelichukua kama sifa.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akaingia ndani akaanza kupiga kelele za sufuria.

Jioni binti ameshusha fomu juu ya kabati. Kwenye mstari wa kwanza ameandika ufundi wa vifaa vya hospitali, kwa wino, si kwa penseli. Amesimama kusubiri nimgombeze. Nimemuuliza kama chuoni wanafundisha kifaa kimoja au vingi. Amesema vingi, na umeme, na kuchomelea, na kuandika ripoti. Nimetia sahihi.

Ijumaa, 31 Mei

Jua kutwa. Dobi wametandaza shuka mpaka kwenye uzio.

Saa kumi na moja nilisafisha meza, nikatia mkasi kwenye droo, nikasimama. Mzee Pima alikuwa anakunja futi yake ya kupimia.

"Mkasi wako mbona uko kwenye droo?" akasema bila kugeuka.

Nikautoa, nikautundika kwenye msumari wa pili. Ulikuwa umening'inia upande. Sikuhitaji kuambiwa nini cha kufanya; niliuondoa nikautundika tena.

Jumapili, 9 Juni

Wiki nzima jioni nimekuwa nikimshonea binti shati la shule la kufanyia mtihani. Nimelikata mwenyewe. Mikono, mfuko, matundu ya vifungo, pindo. Kola niliiacha mwisho ili niwe na cha kujipoza moyo. Leo kabla ya saa sita limekwisha. Mkono wa kushoto umezidi wa kulia kwa upana wa kidole, na binti ameshaniambia, kana kwamba mimi sina macho. Nimemwambia aukunje.

Zilizoshonwa: moja. Zilizokataliwa: hakuna, na anayebisha aje.

Mama mkwe ameliomba. Amelipeleka dirishani penye mwanga, kwenye jicho lake zima, akaligeuza nje ndani, akafuata kila mshono mpaka mwisho wake na kuvuta kila ncha kwa kucha. Amevuta zote. Hakuna iliyofunguka. Akalikunja, akalirudisha mezani, akaingia chumbani kwake. Nikasikia kifuniko cha sanduku.

Ametoka na kile kitambaa cha maua, kimechujuka rangi kwenye mikunjo, kinanuka dawa ya nondo. Amekiweka mbele yangu.

"Wakati ule nilikuwa na kiuno," amesema. "Nipime upya."